Meneja na Kifua cha Chiriku

Redioni, sauti ya Mtangazaji ilikuwa na uzito wa gunia la saruji. Nyumbani haikufikia hata uzito wa unyoya. Akisema mezani kwamba chumvi imezidi, mama mkwe wake angeonja, angetikisa kichwa na kusema chumvi iko sawasawa, labda ni ulimi wa mtu ndio wenye matatizo. Lakini sauti hiyohiyo ikitoka asubuhi kwenye kiredio kilichokaa juu ya friji, ikiwashauri watu wapunguze chumvi, basi mchana chakula kingeliwa kama cha wodini, na atakayenung'unika angejibiwa neno moja tu: redio imesema.

"Lakini mama, redio ni mimi," Mtangazaji aliwahi kumkumbusha.

"Wewe ni baba Chiriku," alijibu mama mkwe kwa upole, kama anayembembeleza mwenye homa. "Yule wa asubuhi ni mtu anayejua mambo."

Yule wa asubuhi hakuwa anajua mambo. Kipindi chake kiliitwa Afya ya Nyumba, na kila siku, dakika chache kabla ya kuingia hewani, mtayarishaji wake, mama mmoja mnene asiyeachana na karanga za kukaanga, alimwekea mbele karatasi ambayo bado ina joto la mashine. Mtangazaji aliisoma kwa huruma, kwa mamlaka, akitua pale panapotakiwa kutua. Akishafungua chupa yake ya maji, yote yameshamtoka kichwani. Ndicho kilikuwa kipaji chake: angeweza kusoma jambo asilolielewa kichwa wala miguu, na msikilizaji akaapa kwamba mtu huyu amezaliwa nalo.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, yenye sebule iliyojaa makochi kuliko watu. Mke wake alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke ambaye miaka mingi ya kukaa kando ya watu wanaochanganya breki na mafuta ilikuwa imemfundisha kutoshtuka. Mtoto wao alikuwa mmoja, msichana wa chekechea. Jina lake la cheti lilitumika hospitalini na shuleni tu. Kwingine kote aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama mkwe alikuja kumpokea mjukuu huyo alipozaliwa, akasema atakaa mpaka kitovu kidondoke. Kitovu kilidondoka, meno yakaota, yeye yupo. Na alipokuja hakuja peke yake. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na Meneja.

Meneja alikuwa paka wa kijivu mwenye kifua cheupe kama aliyevaa shati la ofisini. Aliitwa hivyo kwa sababu kila asubuhi alipita chumba hadi chumba, akachungulia, akaonyesha kutoridhika, kisha akaenda kulala mpaka jioni. Yeye na Mtangazaji hawakuiva chungu kimoja. Miongoni mwa viatu vyote vya nyumba ile, Meneja alikuwa amechagua vya Mtangazaji kuwa choo chake cha dharura. Mara mbili mtu aliyeheshimiwa na nusu ya mji aliingia studio akinuka mkojo wa paka, na mtayarishaji akasogeza karanga zake mbali.

Lakini tatizo kubwa la nyumba halikuwa viatu. Lilikuwa kifua cha Chiriku. Tangu mwaka uliopita alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kisichotaka kwisha, na mara nyingine akishakimbia, kifuani kwake kulisikika mluzi mwembamba. Zahanati walimpa dawa ya maji ya rangi ya waridi, wakasema atakua, kitaisha. Alikua. Hakikuisha.

Asubuhi moja karatasi ya mtayarishaji ilihusu wanyama wa kufugwa ndani ya nyumba na pumu ya watoto. Mtangazaji aliisoma vizuri mno. Alisema, kwa sauti ya chini ya mtu anayewafichulia jirani zake hatari, kwamba manyoya, mate na magamba ya ngozi ya paka na mbwa yanaweza kumbana mtoto kifua. Kwenye "yanaweza" alipita haraka, maana ni neno lisilo na ladha mdomoni. Kwenye "kumbana" akatua.

Aliporudi nyumbani mchana alikuta madirisha yote wazi, mapazia yamevuliwa, na mama mkwe ameketi kwenye kigoda cha jikoni, macho mekundu. Mbele yake kulikuwa na boksi la kartoni lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi mtu alikuwa akilalamika. Chiriku alikuwa amelikumbatia boksi lenyewe.

"Kuna nini?" aliuliza Mtangazaji.

"Hukusikia redio?" alisema mama mkwe. "Kumbe miaka yote hii nimemfugia mjukuu wangu ugonjwa kwa mikono yangu. Meneja anaondoka leo. Kinyozi wa pale kona amekubali kumchukua."

"Bibi, mwambie asiende!" Chiriku alilia, akakohoa, na kikohozi kile kikawa ushahidi.

Hapa ndipo Mtangazaji alipopaswa kusema neno. Angeweza kusema, mama, mimi nilisoma tu, sijui lolote, twende kwanza tukamuulize daktari. Maneno yalikuwa hapo hapo, kwenye ncha ya ulimi. Lakini akatupa jicho kwenye viatu vyake karibu na mlango, vikavu, vinavyong'aa.

"Kama redio imesema," alisema, "ni vizuri kuchukua tahadhari."

Mama mkwe alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari la shule mkononi, alimtazama pia, lakini si kwa namna hiyohiyo.

"Wewe unaliamini hilo?" alimuuliza walipobaki wawili.

"Limefanyiwa utafiti."

"Na nani?"

Mtangazaji alikuwa amesahau. Akasema "wataalamu", neno ambalo redioni lilitosha kila siku.

Nyumba ilisuguliwa. Mama mkwe alipiga deki, akafua vitambaa vya makochi, akachoma kitanda cha Meneja nyuma ya uzio, huku akijifuta macho na kusema ni moshi. Kila alasiri alipita kwa kinyozi, akidai ananyoosha miguu. Meneja alikuwa amepata kazi yake ya kweli: alikaa kwenye dirisha, kati ya mafuta ya nywele na picha za mitindo, akiwakagua wateja. Kinyozi, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe na anayependa kuzungumza na vioo vyake, alikuwa ameshamnunulia bakuli.

Kifua cha Chiriku hakikupata habari kwamba Meneja amehama. Kilizidi kubana. Sasa akipanda ngazi mbili tatu anakaa chini. Jambo lililowatisha zaidi ni kwamba alianza kusema sentensi fupifupi, yeye ambaye zamani sentensi yake moja ilianza kwenye chai ikaishia bafuni.

"Mabaki ya manyoya hayo," alisema mama mkwe, akainua tena fagio.

Mtangazaji hakuwa na muda wa kufikiria mabaki. Alikuwa na biashara yake ya pembeni: kurekodi matangazo ya maduka na makampuni. Kwa kuwa nyumba ilikuwa na kelele, mwaka uliopita aligeuza stoo iliyo mwisho wa ukumbi kuwa studio. Alinunua mitumbani mablanketi mazito ya sufu, akayapigilia misumari ukutani na mlangoni, tabaka juu ya tabaka, akaegemeza magodoro ya zamani kwenye kona ili sauti isirudi. Hamkuwa na dirisha wala upepo. Ukiingia, masikio yanaziba kama uko chini ya maji. Alijivunia pale mahali kuliko sebule, na alikuwa amepiga marufuku fagio la mama mkwe lisikanyage humo, lisije likagusa nyaya.

Kisha mtayarishaji akaleta karatasi nyingine, yenye chumvi ya karanga pembeni. Hii ilisema kwamba baadhi ya watafiti wameona watoto waliokua na wanyama nyumbani tangu wachanga wakipata pumu kidogo kuliko wenzao. Mtangazaji aliisoma kwa furaha ya mtu anayeleta nafuu. Hakukumbuka kabisa kwamba ni yeye aliyesoma ile ya kwanza, mpaka alipofika nyumbani na kukuta kigoda cha jikoni kitupu.

"Bibi amekimbilia kwa kinyozi," alisema mke wake. "Anakwenda kumrudisha Meneja kazini. Amesema redio imebatilisha."

Kwa kinyozi mambo hayakuwa rahisi. Mama mkwe alimkuta ana wembe mkononi na mteja mwenye povu nusu uso.

"Nimemfuata paka wangu."

"Mama, ulinipa."

"Nilikupa kwa sababu za kiafya. Sasa sababu za kiafya zimegeuka."

"Mimi sijasikia kugeuka," alisema kinyozi. "Mimi hapa nasikiliza mpira."

Mteja mwenye povu aliomba wamalize upande wa pili kwanza. Mzozo ulikwenda mpaka Meneja mwenyewe akashuka dirishani, akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akaingia chini ya kiti na kulala. Mama mkwe alirudi mikono mitupu, akatangaza kwamba mkwe wake ndiye mwanamume wa nyumba, atakwenda yeye kumdai. Mtangazaji akasema ana kazi ya kurekodi Jumamosi ile, labda wiki ijayo.

Jumamosi mchana alijifungia stoo. Kazi ilikuwa tangazo la duka la vitanda. Mke alikuwa barabarani na mwanafunzi wake, mama mkwe jikoni. Mtangazaji alivaa hedifoni, akakohoa kidogo, akaanza: "Lala salama, amka mpya..."

Kwenye hedifoni kulikuwa na mluzi.

Alisimama, akacheza tena rekodi. Mluzi upo, mwembamba, unapanda na kushuka. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. "Lala salama, amka mpya..." Mluzi. Akailaani maikrofoni, akamlaani aliyemuuzia, akaongeza sauti ili aujue unatoka upande gani. Sasa ulikuwa wazi kabisa, na alikuwa na masikio yaliyozoezwa, masikio yanayoweza kusema mtu amekunywa chai au kahawa kabla ya kuingia hewani. Alisikiliza kwa makini ya kifundi, macho ameyafumba. Fiii. Kimya. Fiii. Kimya. Halafu kimya kikawa kirefu zaidi, na ndani ya kile kimya akajua anasikiliza nini.

Alivua hedifoni, akayaparamia mablanketi. Nyuma ya magodoro, kwenye kichochoro alichodhani hakitoshi hata mkoba, Chiriku alikuwa ameketi magoti kifuani, midomo ina rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayevuta maji kisimani. Alikuwa na tabia ya kujificha humo, ilikuja kujulikana baadaye. Alipenda kumsikia baba yake akiongea na watu wengi.

"Mama!" alipiga kelele Mtangazaji, na sauti iliyoishi kwa kutulia ilitoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. "Mama njoo! Mtoto!"

Mama mkwe alifika na mwiko mkononi. Mke akaingia uani muda huohuo na gari la mafunzo. Hakuuliza kitu. Alimtoa mwanafunzi kwenye usukani kwa kumshika bega, akamsukumia nyuma pamoja na mama mkwe, Mtangazaji akampakata mtoto mbele. Walikwenda hospitali kwa gari lenye kibao kikubwa juu kinachosema MWANAFUNZI, kwa mwendo ambao mwanafunzi mwenyewe alikuwa amekatazwa asubuhi yote. Watu wakawapisha kwa woga.

Hospitalini walimvalisha Chiriku kinyago cha mashine ya mvuke. Mtangazaji alikaa akitazama ukungu mweupe ukiingia na kutoka puani mwa mwanawe, mpaka mabega yale yakaanza kutulia. Mtoto alipoweza kusema neno, alisema anataka soda. Mama yake alitoka nje mara moja, akaenda kulia kwenye gari, vioo vikiwa vimefungwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu aliyemaliza zamu na kuanzishiwa nyingine. Aliuliza maswali. Nyumbani kuna anayevuta sigara? Ukuta una ukungu? Mazulia? Wanyama? Mtangazaji alijibu, na kwa mazoea akajibu kwa sauti ya asubuhi, akitua pale panapotakiwa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Ni wewe wa Afya ya Nyumba?"

"Ndiyo, daktari," alisema Mtangazaji, akijiweka sawa kitini.

"Wazazi wananiletea maneno yako kila wiki. Kuna mama aliacha kumpa mwanawe dawa ya kuvuta, akafukuza mbwa, akadhani inatosha. Na juzi mwingine ameniuliza anunue paka wa ukubwa gani." Hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka. "Zile habari zako mbili huenda zote zina ukweli ndani yake. Lakini mtoto wako si habari. Lazima apimwe."

Siku waliyorudi kwa vipimo, daktari alimdondoshea Chiriku mkononi matone ya vitu vinavyoshukiwa, na kuyachoma kidogo kidogo. Wakasubiri. Tone la paka lilibaki kama lilivyo. La vumbi la nyumbani liliumuka na kuwa jekundu, kama amechomwa na nyuki.

"Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mablanketi ya zamani," alisema daktari. "Kuna mahali kama hapo nyumbani?"

Mke wa Mtangazaji aligeuka polepole kumtazama mumewe, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi aone mwenyewe taa nyekundu.

Jioni hiyo mablanketi yalitoka, magodoro yakatoka, na vumbi lililotoka nayo lilimfanya Mtangazaji mwenyewe apige chafya mpaka akashika ukuta. Mama mkwe alisimama uani, mikono kiunoni.

"Paka hana kosa," Mtangazaji alimweleza. "Angalau kwa sasa. Daktari amesema ni haya mablanketi."

"Redio haikusema mablanketi."

"Mama, redio ni mimi! Nilikuwa nasoma tu! Sikujua nasema nini!"

"Usimtukane yule mtu," alisema mama mkwe, akaingia ndani.

Ndipo Mtangazaji alipopiga moyo konde. Asubuhi iliyofuata, hewani, aliisukuma kando karatasi ya siku hiyo, iliyohusu faida za tango, akaanza kusema mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alisema mambo aliyosoma kuhusu wanyama na pumu aliyasoma bila kuyaelewa. Alisema paka anaweza kuwa tatizo nyumba hii na asiwe tatizo nyumba ile, watu wasiache dawa, waende wapimwe. Alisema mwanawe mwenyewe karibu afe kwenye stoo yake. Alikwama. Alirudia maneno. Katikati akasema "eeh" ndefu kama daraja. Nyuma ya kioo mtayarishaji alikuwa ameacha kutafuna.

Simu hazikukatika. Mtu mmoja alitaka kujua nani atamrudishia mbwa wake. Mama mmoja aliuliza kama mzio unaweza kusababishwa na mume, maana wake akiingia tu nyumbani kifua chake kinabana. Kabla ya adhuhuri uongozi ulikuwa umeamua: Afya ya Nyumba apewe mtu mwingine mwenye sauti ya kuaminika, na Mtangazaji ahamie kipindi cha ufugaji.

Alifika nyumbani miguu mizito. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele.

"Umenisikia leo?" alimuuliza.

"Nimemsikia. Leo alikuwa hovyo. Anakwama, anatafuta maneno, utadhani hajui anachosema." Alipuliza makapi. "Alikuwa kama wewe."

"Alikuwa mimi, mama. Na ni kweli sijui."

Mama mkwe aliuweka chini ule ungo wa mchele, akamtazama muda mrefu usoni, kama anayelinganisha picha mbili.

"Kama hujui," alisema, "kwa nini usinipeleke nikamsikie huyo daktari mwenyewe?"

Akampeleka. Mama mkwe alimhoji daktari kama hakimu: manyoya, maziwa, chumvi, baridi, moshi. Mwisho akauliza, je, Meneja akirudi, kuna uhakika hatamdhuru mtoto huko mbele?

"Uhakika sina," alisema daktari. "Mtoto anaweza kubadilika. Paka asilale kitandani kwake, mumwangalie, na mkiona mabadiliko mje."

Mtangazaji alidhani mama mkwe angechukizwa. Badala yake alitoka pale ameridhika, akasema huyo ndiye daktari, hana maneno mengi. Njiani alipita kwa kinyozi, akazungumza naye mlango umefungwa, na kwa makubaliano ambayo hakuna aliyeelezwa, Meneja akarudi nyumbani siku za kazi, mwisho wa wiki akabaki kinyozini. Siku yake ya kwanza alikagua vyumba vyote. Kwenye stoo, iliyokuwa sasa na kuta tupu na dirisha jipya, alikaa kwa muda. Kisha akaenda mlangoni kwenye viatu.

Chiriku alipewa dawa ya kuvuta asubuhi na jioni kupitia chombo cha plastiki alichokiita tarumbeta. Alinenepa, akarudi kusema bila nukta. Nyumba ikaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Mvua zilipoanza, jioni moja akiwa amekaa sakafuni na kitabu cha kupaka rangi, mluzi ulirudi. Mablanketi yalikuwa yameshateketezwa. Meneja alikuwa kwa kinyozi. Sakafu ilikuwa safi kiasi cha kulia chakula juu yake. Mke wa Mtangazaji alileta tarumbeta, akahesabu pumzi pamoja na mtoto, sauti yake imetulia kama mtu anayefundisha kuegesha gari.

Mama mkwe alizunguka na macho kila pembe ya sebule, akitafuta wa kulaumiwa.

"Safari hii ni nini, baba Chiriku?"

"Sijui, mama."

"Basi njoo umshike mgongo," alisema mama mkwe, akiinuka, "mimi nikalete maji."